Ufunguo Kwenye Povu

Ufunguo ulimchoma kiganjani kabla hajauona. Dobi alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni, akiisugua suruali ya kazi ya mumewe kama anayempara samaki magamba. Mifuko alikuwa ameshaipekua, maana mke wa fundi umeme asiyepekua mifuko hufua misumari. Lakini kile kimfuko kidogo cha ndani, ambacho hakuna anayejua kiliwekwa cha nini, kilimponyoka. Akaingiza vidole viwili, akavuta, akatoa ufunguo mfupi wa shaba. Kichwani ulikuwa umepakwa rangi nyekundu ya kucha, na ubavuni imechongwa namba kumi na saba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichambua vibanio vya nguo, vizima na vilivyovunjika. Aliinua uso.

"Umeokota pesa?"

"Ingekuwa pesa ningenyamaza, mama." Dobi alicheka. "Ni ufunguo wa kufuli la mwanao. Leo watamcheka tena."

"Waache wamcheke. Kichwa chake kina tundu tangu utotoni. Nilimtuma chumvi, akarudi na chaki."

Dobi aliusuuza ufunguo na kuuweka juu ya ukingo wa beseni. Rangi ile aliipaka binti yao wa darasa la tatu, ili baba asichanganye ufunguo wake na wa wenzake. Pale bandarini kila fundi alikuwa na kufuli lake moja na ufunguo wake mmoja. Kabla ya kushika kebo, anaizima swichi kubwa, anaifunga kwa kufuli lake, na ufunguo anatembea nao mwilini. Hakuna ufunguo wa akiba. Msimamizi hana, mkurugenzi hana. Maadamu kufuli linaning'inia, umeme haupiti. Mumewe alilieleza jambo hilo kwa majivuno siku alipopewa kufuli lake, kama mtu aliyekabidhiwa bendera.

Miezi miwili iliyopita alilisahau kwenye swichi akarudi nyumbani. Walimpigia simu akaja mbio, lakini alipofika walikuwa wameshalikata kwa mkasi mkubwa wa vyuma. Vipande vyake vilitundikwa kwenye ubao wa matangazo, na chini yake mtu akaandika kwa herufi kubwa: MSAHAULIFU WA MWEZI. Wiki nzima aliporudi kutoka kazini hakutaka kuongea. Hata walipompa kufuli jipya lenye namba ile ile, msimamizi alimkabidhi mbele ya watu akisema, "Hili nalo ukalisahau, Msahaulifu, tutakununulia la plastiki, tulikate kwa meno."

Dobi alikumbuka na kutabasamu. Kisha akakumbuka jambo jingine, tabasamu likamkauka mdomoni.

Jana jioni, wakati anaivua suruali hii hii, mumewe alisema, "Kazi ya gati la pili imebaki kidogo tu. Kufuli nimeliacha palepale kwenye swichi. Kesho sipotezi muda na madaftari, naingia shimo la kebo moja kwa moja."

"Si mlikatazwa kuliacha?"

"Wanakataza mengi. Hakuna meli mpaka kesho jioni."

Hakuna meli mpaka jioni. Dobi alisimama wima, povu likimchuruzika hadi kwenye kanda za ndala. Ng'ambo ya ukuta wa bandari, meli ilikuwa inaunguruma. Ilikuwa inaunguruma tangu anasuuza nguo ya kwanza, na yeye alikuwa anaisikia bila kuisikiliza.

*

Nyumba yao iliegemea ukuta ule kama mgonjwa anavyoegemea bega la ndugu. Ng'ambo yake zilifunga meli zinazopeleka mabomba, mafuta na chakula kwenye majukwaa ya gesi katikati ya bahari. Kwa miaka mingi meli hizo hazikuzima jenereta zikiwa gatini. Ziliunguruma usiku na mchana, zikitema moshi, na masizi yalitua kwenye kamba za dobi kama nzi. Mashuka ya nyumba ya wageni aliyafua mara mbili, mara tatu, na alilipwa mara moja. Mama mkwe alikohoa mpaka akawa analala ameketi.

Ndipo ikaja kebo. Sheria mpya ilisema meli ikifunga kamba, ndani ya saa mbili izime jenereta zake na kutumia umeme wa nchi kavu. Mume wa dobi alikuwa miongoni mwa waliozilaza kebo hizo. Siku meli ya kwanza ilipochomekwa, muungurumo ulikatika ghafla, na mtaa mzima ukatoka nje kuuliza kumetokea nini. Kilichotokea ni ukimya. Tangu hapo kila meli ilipozima, mama mkwe alisema, "Imezima," kwa sauti ya mtu ambaye wageni wake wakorofi wameondoka. Dobi naye akawa anaanika mashuka meupe bila kuangalia juu.

Sasa aliangalia juu. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya ukuta, mweusi, unajikunja.

"Mama, hiyo meli imeingia saa ngapi?"

"Nitajuaje? Mimi ndiye bahari?" Kisha akaona uso wa mkwewe. "Tangu wakati wa chai. Jirani anasema imewahi, na kuna wakubwa wamekuja kuiangalia ikizimwa. Una nini?"

Dobi hakujibu. Alikuwa anaunganisha mambo kichwani, moja baada ya jingine, na kila alipounganisha alitamani lisishike. Swichi ni moja kwa magati yote mawili. Mumewe yuko shimoni, mikono mitupu kwenye kebo, moyo umetulia kwa sababu kufuli lake linaning'inia. Meli imewahi. Wakubwa wanatazama saa zao. Msimamizi ataenda kuwasha swichi, atakuta kufuli namba kumi na saba, na atasema nini? Atasema: Msahaulifu. Atasema: hili ni la jana.

Ataagiza mkasi.

Alipiga simu ya mumewe kwa kidole kilicholowa. Iliita mpaka ikachoka. Alijua iliko: ndani ya kisanduku cha chuma mlangoni mwa uwanja wa umeme, pamoja na simu za wenzake wote, maana kule haziruhusiwi.

"Mama, tazama mashuka," alisema, na alishatoka.

*

Kutoka kwao hadi lango kuu ni mwendo wa dakika kumi kwa kuuzunguka ukuta. Dobi hakutembea. Alikimbia na ndala, moja ikakatika njiani, akaiacha, akakimbia na mguu mmoja mtupu. Ufunguo aliukaza ngumini mpaka meno yake yakaacha alama. Masikio aliyaelekeza ng'ambo ya ukuta. Kila alipokanyaga aliuomba muungurumo ule usikatike. Ule alioulaani kwa miaka, uliomharibia mapafu mama mkwe na kumla yeye nguvu za mikono, leo aliubembeleza kama mtoto mwenye homa: endelea, endelea, usinyamaze.

Maana meli hainyamazi mpaka umeme uwe umeshapita kwenye kebo.

Langoni kulikuwa na malori manne kwenye foleni, na mlinzi mwenye daftari alikuwa anaandika namba bila haraka, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.

"Kaka, naomba unipitishe. Mume wangu ni fundi umeme, yuko..."

"Kadi."

"Sina kadi. Naomba tu..."

"Mama, rudi nyuma. Unadondosha maji kwenye daftari la bandari."

Dereva wa lori la kwanza alichungulia dirishani. "Mwache apite, amekuja kutufulia malori!" Wenzake wakacheka. Dobi alijitazama kwa mara ya kwanza: gauni limemganda mapajani, povu limekauka mikononi kama ukoko, mguu mmoja una ndala na mwingine una tope.

"Mume wangu yuko shimoni," alisema tena, akijitahidi sauti isimtoroke.

"Alizikwa lini?" mwingine akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikapanda.

Mlinzi hakucheka, lakini pia hakuinua macho. "Kila mwezi wanakuja wake za watu hapa na visa. Juzi mmoja kaja analia, mume kasahau dawa ya moyo. Nikamwonea huruma nikamfungulia. Kumbe dawa yenyewe ni ufagio aliouficha kwenye kanga, amekuja kumcharaza. Nusura nifukuzwe. Nenda kakae pale kwenye kivuli. Saa sita wakitoka kula, utamwona."

"Saa sita atakuwa amekufa!"

Na hapo hapo, muungurumo ukashuka.

Ulishuka kama mtu anayekaa kitini, mzito, taratibu. Dobi alishika mlingoti wa kizuizi kwa mikono miwili akatoa sauti ambayo hakuijua, si kilio wala si neno, na malori yote manne yakanyamaza.

"Mama," yule dereva wa kwanza alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. Aliteremka. "Mama, sikiliza. Hiyo si meli yenyewe. Wamezima propela za ubavuni tu, zile za kuisogeza gatini. Nimebeba mizigo hapa miaka sita. Jenereta bado hiyo, isikilize."

Alisikiliza. Chini kabisa, mwembamba zaidi, muungurumo ulikuwepo.

"Baada ya hapo wanafanya nini?"

"Baada ya hapo?" Dereva alikuna shingo. "Wanachomeka."

Dobi alimgeukia mlinzi, akakunjua ngumi mbele ya uso wake. Ufunguo ulikuwa umejipiga chapa kwenye nyama ya kiganja.

"Sitaki kuingia. Baki na lango lako. Piga simu chumba cha swichi, uwaulize kufuli namba kumi na saba liko wapi. Ukiona nimekudanganya, niite mwizi, niite kichaa, nitakufulia sare zako mpaka unastaafu. Lakini piga."

Mlinzi aliutazama ufunguo, akautazama mguu mtupu. Pengine alimkumbuka yule mama wa ufagio. Pengine alimkumbuka mtu wake mwenyewe. Aliingia kwenye kibanda, akanyanyua simu ya mezani na kubonyeza namba tatu.

*

"Swichi." Sauti ya msimamizi ilisikika hadi nje ya kibanda. Alikuwa mtu wa kuongea kama yuko juani hata akiwa kivulini.

"Langoni hapa, mkuu. Kuna mama anauliza habari za kufuli namba kumi na saba."

"Mama gani? Nipe."

Dobi aliinyakua simu, akajitambulisha.

"Shemeji! Hujambo?" Msimamizi alicheka. Alikuwa ameshawahi kula kwao, anamjua. "Umetumwa kulifuata? Mwambie mumeo amechelewa. Safari hii hatutundiki ubaoni, tunalipeleka jumba la makumbusho."

"Liko wapi?"

"Liko hapa chini, vipande viwili. Nimelikata sasa hivi kwa mkono wangu."

"Swichi umewasha?"

"Bado, nasubiri meli waseme wako tayari. Dakika moja. Shemeji, nina wageni wako nje hapa, nikitoka..."

"Yuko shimoni."

"Nani?"

"Mume wangu. Yuko shimoni, gati la pili. Ameingia kwa kulitegemea hilo hilo kufuli ulilolikata."

"Hapana, hapana." Sauti ilikuwa ya mtu anayemtuliza mtoto. "Jana nilimwona kwa macho yangu mawili akitoka kwenda nyumbani, na leo hakuna jina lake daftarini. Kufuli ni la jana, shemeji. Unamjua mumeo."

"Jana ulimwona," dobi alisema. "Leo umemwona wapi?"

Upande wa pili kitu kiligonga meza, simu ikaning'inia ikipigapiga ukuta, na viatu vizito vikasikika vinakimbia kuondoka.

Dobi alibaki na simu sikioni. Sasa alisikia muungurumo mara mbili: mmoja hewani, mmoja kwenye waya. Mlinzi alisimama karibu naye, kofia mkononi. Ndani ya simu mlango ulifunguliwa. Watu waliingia, mmoja alikohoa kikubwa.

"Msimamizi yuko wapi?" aliuliza mtu mwenye sauti laini, sauti ya ofisini.

"Alikuwa hapa sasa hivi," akajibu mwingine, kijana kwa sauti. "Nadhani ametoka kidogo. Meli wamesema wako tayari, bosi."

"Basi tusiwacheleweshe. Kufuli si limeshatoka? Washa, tuone."

"Usiguse!" Dobi alipiga kelele. "Usiguse! Usiguse hiyo swichi!"

"Kuna mtu anapiga kelele kwenye simu," sauti laini ilisema.

"Mwambieni msimamizi simu yake inaning'inia," mwingine akasema, watu wakacheka kidogo.

Mlinzi alimpokonya dobi simu, akanguruma ndani yake kwa sauti ya kusimamishia malori, "Nyanyua simu! Wewe hapo, nyanyua simu!" Kisha akamrudishia.

Kitu kilikwaruza. "Halo? Nani?" Alikuwa yule kijana wa swichi.

"Usiwashe. Nakuomba usiwashe."

"Wewe ni nani?"

Alikuwa nani? Angesema mke wa Msahaulifu, wangecheka. Angesema dobi, wangeuliza dobi gani. Akili yake ilikimbia huku na huko ikitafuta jina linaloweza kuuzuia mkono wa mtu asiyemjua mbele ya mabosi zake, na ikarudi na moja tu.

"Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kumi na saba."

"Ufunguo uko kwako?"

"Uko mkononi mwangu. Na sijafungua. Mmekata, lakini mimi sijafungua."

Sauti laini iliuliza nyuma, "Vipi tena?" Kijana alijibu, na dobi alimsikia akitetemeka, lakini alijibu: "Siwashi, bosi. Mwenye ufunguo hajatoa ruhusa."

"Mwenye ufunguo ni nani?"

"Sijui, bosi. Ila siwashi."

*

Yaliyofuata yalichukua dakika nne. Mlinzi ndiye aliyezihesabu baadaye. Dobi angeapa zilikuwa saa mbili. Aliketi sakafuni mwa kibanda. Dereva alimletea maji kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akayaweka kando. Muungurumo uliendelea, mwembamba, na yeye aliushika kwa masikio kama mtu anayeishika kamba juu ya kisima.

Vipi kama kulikuwa na swichi nyingine? Vipi kama yule bosi ameunyoosha mkono wake mwenyewe? Aliwaza shuka kubwa kuliko yote aliyoyafua, jeupe, refu kama mtu. Akajikemea. Likarudi.

Simu ya mezani iliita. Mlinzi aliisikiliza, akasema "Ndiyo," akasema "Ndiyo" tena, kisha akaiinamisha kwenye sikio la dobi bila neno.

"Mama nanihii," mumewe alisema. Alikuwa anahema. "Mashuka umemwachia nani?"

Alitaka kumtukana. Alitaka kumwambia mambo yote aliyokuwa anayaweka tangu siku ya harusi. Alichokisema ni, "Suruali yako imelowa," na akalia mpaka mlinzi akatoka nje kuruhusu malori yapite bila kuyaandika.

*

Meli iliunguruma saa tatu zaidi siku ile. Wakubwa walipanda magari yao wakaondoka bila kuona walichokuja kuona. Masizi yalitua kwenye mashuka kumi na manane ya nyumba ya wageni, na dobi aliyateremsha yote akayafua upya, mama mkwe akimtazama bila kutania, jambo ambalo lilimtisha kuliko kukohoa kwake.

Alasiri, bila taarifa, muungurumo ulikatika.

"Imezi..." mama mkwe alianza, akajizuia.

Dobi aliliachia shuka likaangukia mchangani. Zamani ukimya huu ulikuwa kama kuvuliwa mzigo kichwani. Sasa ulimkaba. Umeme unapita kule ng'ambo, dakika hii, na hakuna aliyemwambia nani yuko wapi. Alisimama mlangoni akiukodolea macho uchochoro. Hakurudi kwenye beseni mpaka aliposikia nyayo, na zilikuwa za watu wawili.

Mumewe alitangulia, kichwa chini. Nyuma yake alikuja msimamizi, kofia ya plastiki bado kichwani, mkononi ana kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mtu yule wa kupayuka alikaribishwa kiti mara tatu na mara tatu akasema asante bila kukaa.

"Nilimkuta ameshika kebo," alisema hatimaye. "Nilimvuta kwa kola kama mwizi. Mwenzake wa kukaa juu ya shimo nilikuwa nimemwita mimi, aje kuvuta kebo ya meli. Mimi mwenyewe." Aliweka gazeti mezani. Lilifunguka lenyewe, na vipande viwili vya kufuli vikaonekana. "Shemeji, nimekuja kwa sababu kesho saa mbili tunatakiwa kuandika maelezo."

"Andikeni," dobi alisema.

Wanaume walitazamana.

"Hilo ndilo tunalozungumza," mumewe alisema taratibu. "Mimi nililiacha kufuli usiku, na nikaingia bila kusaini. Hilo ni kosa la kufukuzwa. Yeye alikata bila kunitafuta. Hilo pia ni la kufukuzwa. Kijana wa swichi hatasema kitu tusipotaka. Tukiandika kufuli lilikwama likakatwa kwa ruhusa yangu... wote tunabaki."

"Hakuna aliyeumia, shemeji," msimamizi akaongeza. "Tumshukuru Mungu."

Dobi alikaa chini. Hofu ya asubuhi haikuwa imeondoka; ilikuwa imehamia tu, kutoka masikioni kwenda tumboni. Alijua nyumba isiyo na mshahara inanuka vipi. Alijua mashuka kumi na manane hayalishi watu wanne. Ingekuwa rahisi mno kusema sawa.

"Kazi ya gati la pili imeisha?" aliuliza.

"Bado."

"Kesho anaingia nani shimoni?"

Msimamizi alitaja fundi mwingine, yule mrefu, mcheshi.

"Ana mke?"

Msimamizi alivua kofia yake ya plastiki.

"Anafua nguo zake nani? Maana mimi leo nimepona kwa sababu nafua mwenyewe. Suruali ile ingelala kapuni mpaka kesho, sasa hivi ningekuwa nafua sanda. Mnataka kila fundi aokolewe na beseni?"

"Tutafukuzwa," mumewe alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya binti yao.

Mama mkwe ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye kigoda chake cha pembeni. "Nimezaa mmoja tu, na huyo mmoja ana tundu kichwani. La pili silitaki. Andikeni."

*

Hawakufukuzwa. Mumewe alipewa mwezi mmoja bila kazi na bila malipo, na barua ya onyo ambayo aliisoma mara moja akaiweka chini ya godoro. Msimamizi aliteremshwa akawa fundi kama wengine, na siku ya kwanza alipokuja na kufuli lake jipya, wapo waliomwita Makumbusho, kwa ule utani wake wa simuni. Mwezi ule ulikuwa mrefu. Mume wa dobi alijifunza kukamua mashuka. Aliyakamua vibaya, mama mkwe akasema hata kwa hilo angefukuzwa.

Lakini pale bandarini waliweka utaratibu mpya, na walioupendekeza ni yule kijana wa swichi pamoja na Makumbusho mwenyewe. Kufuli haliguswi kwa mkasi mpaka mwenyewe asimame mbele yake. Na kabla swichi haijawashwa, mafundi wote walioingia shimoni siku hiyo husimama juu gatini, huitwa kwa namba za makufuli yao, na kila mmoja hujibu kwa sauti ya kusikika.

Siku mumewe aliporudi kazini, dobi alimvalisha ufunguo shingoni kwa ugwe alioukata kwenye pindo la shuka kuukuu, akaufunga mafundo mawili. Mumewe alisimama tuli kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule.

Mchana meli iliingia. Ilifunga kamba huku ikiunguruma, na masizi ya kwanza yakaelea juu ya ukuta. Dobi alisimama kati ya kamba zake na shuka begani. Mama mkwe aliacha vibanio. Jenereta ilikuwa kubwa, hata hivyo sauti ya mwitaji ilipenya, kali, kutoka ng'ambo.

"Tisa!"

"Nipo juu!"

"Kumi na mbili!"

"Nipo juu!"

"Kumi na saba!"

Hakukuwa na jibu. Upepo ulilichapa shuka dhidi ya shavu lake. Muungurumo ulijaza mahali ambapo sauti ilipaswa kuwa, na dobi akaona mguu wake, ule ule wa siku ile, umeshatoka kwenye ndala.

"Kumi na saba!"

"Nipo juu!" Mumewe alikuwa anakohoa, moshi ulikuwa umemwingia kooni. Akarudia, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyotakiwa na utaratibu wowote, akiuelekezea ukuta: "Nipo juu! Nipo juu, jamani!"

Kitambo kidogo baadaye meli ikanyamaza.

"Imezima," mama mkwe alisema.

Dobi alirudisha mguu ndani ya ndala, akalitandaza shuka kambani, na kunyoosha mkono kupokea kibanio.